Re: Kiapo cha mzazi kwa ajili ya RB (namba ya taarifa ya polisi): akaunti feki ya binti yangu

Mama Zuhura (Leicester): Assalaam aleikum ndugu zangu. Zuhura, miaka 14, yuko Tanga, Ngamiani, kwa bibi yake. Kuna mtu kafungua Instagram kwa jina lake, kabandika picha yake akiwa na sare za shule, anawaandikia wenzake wa darasani: "nitumie picha yako, usimwonyeshe mtu." Mjomba wake kaenda kuchukua RB, kaambiwa mlalamikaji awe mzazi, la sivyo alete kiapo changu. Sasa nile kiapo kwa wakili wa huku ndipo ubalozi ugonge muhuri, au ubalozini wanaapisha wenyewe? Nani kafanya karibuni?

Bakari (Bristol): Wakili, FCDO (wizara ya mambo ya nje ya Uingereza), ubalozi, kwa mpangilio huo. Mie nilifanya hivyo kwa kiwanja cha marehemu baba kule Kange. Karatasi kufika Tanga, karani kaikataa, jina la kati liliandikwa kwa "y" badala ya "i". Herufi zifanane na kitambulisho cha NIDA!

Kombo (Slough): Bakari, yako ilikuwa hati ya uwakala wa ardhi, usimchanganye mtu. Na kiapo cha nini? Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na bibi ndiye anayemlea. Aende dawati la jinsia na watoto hapo polisi, asiishie kaunta. Au wapige 116, simu ya msaada kwa watoto, bure.

Bi Mwanaidi (Oslo): Kombo, sheria uisome wewe Slough, kaunta akapambane nayo bibi mwenye magoti mabovu? Mama Zuhura, pole mwanangu. Hao watoto walioandikiwa wapige skrinishoti kwanza, jina la akaunti na tarehe vionekane, ndipo waripoti Instagram. Akaunti ikifungwa mapema, mjomba atabaki na maneno matupu. Na kama yupo aliyekwisha kutuma picha ya utupu, kuna Take It Down, huduma ya mtandaoni ya kuzuia picha za utupu za watoto zisisambae, bure, haiulizi RB wala jina. Picha haitoki kwenye simu, inapelekwa alama yake ya kidijitali tu. Kwa mjukuu wangu mhusika alikuwa mwanafunzi mwenzake. Picha aliitoa kwenye status ya mama mtu, na nembo ya shule kifuani ikamaliza kazi.

Bakari: Hapo kweli, wabandikaji ni sie wenyewe. Ila si tangu 2024 Insta wanawawekea vijana akaunti za faragha moja kwa moja?

Kombo: Kwa anayetaja umri wake. Wetu wamejisajili wamezaliwa 1999, kwa laini ya shangazi. Na serikali ya Tanzania ilipofunga X (zamani Twitter) Mei 2025, hadi watoto wakajua VPN, ile programu ya kupenyea palipofungwa. Huo ndio ulinzi wa mtandao tuliopewa.

Bakari: Siasa hizo, tumeanza. Enzi zetu barua ya msichana unampa mwenye baiskeli aipeleke barabara ya 8, hadi ifike mtaa mzima ushaisoma, na jioni unamkuta baba yake kule Raskazone anakungoja. Nani alihitaji faragha?

Mama Zuhura: Ahsanteni, skrinishoti mjomba anazo. Lakini kiapo, jamani?

Salma (Reading): Samahani kudandia. Wangu ana miaka 12 na Snapchat keshaiweka, kaniambia ni ya kazi za shule. Ile Family Center, sehemu ya Snapchat ya mzazi kumfuatilia mtoto, inanitaka nami nifungue akaunti na yeye anikubali kuwa rafiki. Asiponikubali je?