Majirani wa Walukuba, Jinja, Uganda: Desemba au mwezi wa kwanza?

Mwenyekiti LC1: Ndugu majirani, habari za jioni. Kamati ilikaa jana. Ile jioni ya burudani ya mtaa, ya kuonyesha filamu, tumeiweka tarehe 26 Desemba, uwanja wa mpira. Kiingilio mkubwa elfu mbili, mtoto mia tano. Maoni yaletwe hapa, si kwenye simu yangu usiku wa manane.

Opio Boda: Mzee, tarehe 26 nani atakuwa mjini? Mimi nitakuwa Tororo kwa mama, mrija wa malwa mdomoni.

Mama Shamim: Na mimi Iganga kwa wakwe. Krismasi Walukuba inahama yote, hata mbwa wa Haji.

Haji Musa: Mimi sina mbwa.

Mama Shamim: Haji nisamehe 😂 nilitaka kusema paka.

Tenywa Spika: Halafu tarehe 26 spika zangu ziko kwenye harusi Bugembe. Desemba nzima zimeshakodiwa mpaka mkesha wa mwaka mpya. Mwezi wa kwanza ndipo zinalala ndani na panya.

Mwenyekiti LC1: Mwezi wa kwanza hakuna mwenye pesa.

Mwalimu Achieng: Ndiyo sababu nzuri ya kuufanya mwezi huo, Mwenyekiti. Pesa hakuna, shule hazijafunguliwa mpaka Februari, watoto wanashinda ziwani Masese na sisi roho mkononi. Desemba wana nyama na nguo mpya. Desemba hawatuhitaji.

Opio Boda: Mwalimu kamaliza.

Mwenyekiti LC1: Hajamaliza. Kila mtaa unafanya Desemba.

Babirye (Tromsø): Habari zenu nyote. Shikamoo Haji, shikamoo Mwenyekiti. Nimesoma yote nikiwa kwenye basi natoka zamu. Namuunga mkono Mwalimu, maana huku Norwe nilipo wanafanya hivyohivyo, tena kwenye mwezi mbaya kuliko Januari yenu.

Opio Boda: Dada Babirye, kwenye theluji tamasha la nini? Si watu wajifunike tu walale

Babirye (Tromsø): Ngoja nifike nyumbani nivue hizi buti.

Babirye (Tromsø): Haya. Mji wenyewe ni mdogo, watu hawafiki laki moja. Kuanzia mwishoni mwa Novemba mpaka katikati ya Januari jua halichomozi. Si kwamba kuna mawingu, halichomozi kabisa. Mchana kuna mwanga wa buluu saa chache, kama ule wa alfajiri ziwani, kisha giza tena. Mwaka wa kwanza nililia nikidhani naumwa. Sasa, tamasha lao kubwa la filamu hawalifanyi wakati wa kiangazi, wakati jua halizami na watu wanavua samaki saa sita usiku. Wanalifanya katikati ya Januari, tangu 1991. Likiisha hilo, mwishoni mwa mwezi linaingia la muziki, lenyewe lilianza 1988. Mwenyeji mmoja kazini aliniambia: watu wakiwa na furaha utawaletea burudani ya nini?

Haji Musa: Jua halichomozi. Na Adhuhuri wanaswali saa ngapi?

Babirye (Tromsø): Haji, Waislamu wengine huku wanafuata saa za Makka.

Haji Musa: Subhanallah. Endelea mwanangu.

Babirye (Tromsø): Kilichonishangaza zaidi ni sinema ya nje. Wanasimamisha skrini uwanjani katikati ya mji, theluji chini, watu wamesimama na makoti, watoto wamefungwa kama vifurushi, na halipi mtu. Saa tisa alasiri giza tayari linatosha, hawangoji usiku. Wafanyakazi wengi ni watu wa mjini waliojitolea. Wana pia jumba la sinema la mwaka 1916, la enzi ambazo filamu hazikuwa na sauti, na mpaka leo linafanya kazi.

Tenywa Spika: 1916!! Kibanda changu cha video hakijamaliza miaka kumi na paa limeshaoza

Mama Shamim: Watoto hawaumwi?

Babirye (Tromsø): Baridi si kali sana kama mnavyofikiri, kuna mkondo wa maji ya moto baharini unaopunguza. Ila upepo wa pale bandarini sitamwombea adui yangu. Na si kila kitu kizuri, wenyeji wengine wananung'unika kwamba watalii wa baridi wamezidi na vyumba vimepanda bei. Hilo nalo mlijue.

Opio Boda: Sisi lete tu. Nyege Nyege, lile tamasha la muziki, ilianza huku Jinja 2015, na wiki yake nalipa deni la pikipiki.

Mwalimu Achieng: Opio, ile ni ya wageni. Hii ni ya watoto wa hapa.

Babirye (Tromsø): Mama Shamim, hii ni yako: tarehe 21 Januari jua linaonekana tena juu ya milima. Watoto wanatolewa madarasani kulitazama, na mji mzima unakula maandazi ya mviringo yenye jamu ndani. Maduka ya mikate yanajaa foleni.

Mama Shamim: Yenye jamu ndani! Wanauza bei gani?

Babirye (Tromsø): Ukibadilisha kwa shilingi zetu utaacha kunywa chai.

Mama Shamim: Mwenyekiti, mimi nimeshahamia mwezi wa kwanza.

Haji Musa: Hilo la sinema ya nje sisi wengine si geni. Nilipokuwa mdogo hapahapa gari la sinema lilikuwa linakuja, wanatandika shuka jeupe kati ya nguzo mbili, tunakaa chini kwenye nyasi. Waliochelewa wanakaa upande wa nyuma, wanaona kila mtu anatumia mkono wa kushoto. Halipi mtu. Wafanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Nytil wanakuja na magwanda ya kazi, Mjaluo, Msoga, Mgishu, Mlugbara, Kiswahili kimoja. Baadaye gari likaacha kuja na hatukuuliza.

Tenywa Spika: Haji shuka ninalo la kibandani lakini lina doa.

Mwenyekiti LC1: Nimewasikia. Lakini bila kiingilio, petroli ya jenereta italipwa na nani? Stima ya jioni mnaijua wenyewe. VJ naye, yule wa kutafsiri filamu, hafanyi kazi kwa dua.

Mama Shamim: Wanaouza ndio walipe. Mimi wa maandazi, yule wa chapati na mayai, wa muchomo, wa juisi. Kila meza elfu tano. Watu wakiingia bure wanakuwa wengi, wakiwa wengi wananunua. Ukiwatoza langoni, mama mwenye watoto watano anabaki nyumbani na mimi nabaki na ndoo ya unga.

Mwenyekiti LC1: Mezani elfu kumi.

Mama Shamim: Elfu tano Mwenyekiti, tusianze.

Mwalimu Achieng: Kabla ya filamu naomba saa moja ya ngoma. Tusiwaonyeshe watoto katuni za nje tu. Nina jamaa upande wa Nakibembe, naweza kuwaomba wapiga embaire.

Opio Boda: Ile marimba kubwa?

Mwalimu Achieng: Hiyohiyo. Mbao ndefu zinalazwa juu ya migomba, wapigaji wanakaa pande mbili wakitazamana. Chini yake lazima lichimbwe shimo, ndilo linalovimbisha sauti.

Mwenyekiti LC1: Shimo?

Mwalimu Achieng: Si kubwa sana.

Mwenyekiti LC1: Shimo kwenye uwanja wa mpira? Na kocha nitamjibu nini?

Opio Boda: Straika wetu akitumbukia tutasema ni ofsaidi 😂😂

Tenywa Spika: Jinja jiji tangu 2020, mashimo yapo kila barabara, chagueni mojawapo tu

Mwenyekiti LC1: Tenywa. Kuna wakubwa humu.

Tenywa Spika: Samahani mzee.

Haji Musa: Pembeni ya ukumbi wa zamani kuna udongo mlaini, chini ya mwembe. Shimo lichimbwe pale, lifukiwe kesho yake. Anayechimba na anayefukia wawe mtu mmoja.

Mwalimu Achieng: Ahsante Haji. Na watoto wangu wa darasa la sita nilitaka wajaribu bigwala, zile tarumbeta za vibuyu.

Haji Musa: Hapo hapana. Bigwala ni ya Kyabazinga, mfalme wa Busoga. Inapulizwa akitawazwa, inapulizwa akizikwa. Si ya kupashia watu moto kabla ya katuni.

Mwalimu Achieng: Haji, kwa heshima yote. Mwaka 2012 UNESCO waliiandika kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa sababu wazee wanaoijua walikuwa wamebaki wachache mno. Vibuyu ni vitano au zaidi, kila kimoja kina sauti yake moja tu, hakuna anayeweza kupiga wimbo peke yake. Mmoja akikosekana wimbo una pengo. Tukingoja mazishi ya mfalme ndipo mtoto avione vile vibuyu, siku hiyo atapuliza nani?

Babirye (Tromsø): Huku Wasami, wenyeji wa asili, walikatazwa lugha yao shuleni miaka mingi. Siku hizi tarehe 6 Februari ni siku yao, na wiki hiyo barabara kuu ya mji inafungwa wanashindanisha wale wanyama wenye pembe wanaovuta gari la Baba Krismasi. Mnyama anakimbia, mtu nyuma yake yuko juu ya mbao za kutelezea, ameshika kamba. Barabarani, mbele ya maduka! Watoto wa kila kabila wanapiga kelele pembeni. Naona haikuwashushia heshima.

Opio Boda: Hiyo naitaka kwa boda

Haji Musa: Mwanangu Babirye, hao ni wanyama, haya ni ya ufalme. Lakini Mwalimu amesema neno. Nendeni kwanza kwa wazee wanaopuliza, muwaombe. Wakikubali wao, mimi ni nani. Na waje wao wakae mbele, watoto nyuma yao. Msiwaweke watoto mbele ya wazee.

Mwalimu Achieng: Nitakwenda Jumamosi hii.

Haji Musa: Usiende mikono mitupu.

Tenywa Spika: Kuhusu VJ: niko na kijana wangu wa kibandani, anatafsiri Kiganda vizuri sana, Kiswahili anababaisha. Anasema atafanya bure akiruhusiwa kutaja jina lake kila dakika tano.

Mama Shamim: Kila nusu saa.

Tenywa Spika: Kumi na tano.

Mwenyekiti LC1: Haya, nimefunga mjadala. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kwanza. Kuingia bure. Meza elfu tano. Ngoma saa kumi na moja jioni, filamu saa moja na nusu, saa nne spika zizimwe, maana barua ya polisi nitaisaini mimi. Shimo mwembeni. Tenywa spika na kijana wake. Mwalimu wazee wa bigwala. Sasa nani ana shuka lisilo na doa?

Mama Shamim: Nina lile jeupe la harusi ya Shamim. Lakini likirudi na alama ya kidole cha mafuta nitajua ni nani.

Opio Boda: Mama, mafuta ni ya maandazi yako.

Mwenyekiti LC1: Opio, wewe ndiye utaleta petroli. Lita kumi, na risiti.