Hadi diski ya ndani kuitumia kwa USB: kasha, waya wa adapta au doki?

Kipepeo
Wakuu, habari zenu. Nimebaki na hadi diski mbili baada ya kompyuta zake kufa. Moja ilikuwa kwenye laptopu, inchi 2.5, GB 500. Nyingine ya kompyuta ya mezani, inchi 3.5, TB 2. Zote zina kiunganishi cha SATA, kile cha kuchomekea diski ndani ya kompyuta. Ndogo nataka niwe natembea nayo, kubwa ikae mezani itunze picha na video. Naona njia ni tatu: kasha, waya wa adapta bila kasha, na doki ya kuchomeka diski wima. Mngechukua ipi? Picha zangu za zamani bado zimo kwenye ile ndogo na sitaki zipotee.

FundiWaya
Karibu mkuu. Anza na umeme, maana ndio unaoamua nusu ya jambo. Diski ya inchi 2.5 inatumia volti 5 tu, na USB inazo. Ya inchi 3.5 inahitaji na volti 12 za kuzungushia mota, ambazo mlango wa kawaida wa USB hautoi. Kwa hiyo ile kubwa ni lazima ipate kasha au doki yenye adapta yake ya kuchomeka ukutani. Ule waya mwembamba wa SATA kwenda USB usio na tundu la umeme ni wa diski ndogo na SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani). Hiyo ya TB 2 haitazunguka kabisa.

Ndogo nunulia kasha, wala usisite. Waya ni wa kazi ya fundi: unachomeka, unakagua, unanakili, unachomoa. Diski ikikaa uchi, bodi yake ya saketi iko wazi kwa chini. Iguse kitu cha chuma, imepiga shoti. Na ikisukumwa ikaanguka huku inazunguka, vichwa vya kusomea vinaweza kukwaruza sahani, hapo picha ndiyo kwaheri.

Jabali
Kwa ndogo nakubali. Kwa kubwa mimi natetea doki. Makasha mengi ya plastiki ya inchi 3.5 hayana feni wala matundu ya maana, ukinakili faili kwa saa kadhaa diski inachemka. Kwenye doki inapata hewa, na kesho ukipata diski nyingine unabadilisha bila bisibisi.

Ila doki zenye nafasi mbili nyingine zina kitufe cha kunakili diski moja kwenda nyingine bila kompyuta. Ukikosea kujua ipi chanzo na ipi inayopokea, kitufe hicho kitaandika juu ya picha zako zote. Ukinunua ya namna hiyo, usiweke diski mbili kwa pamoja kama hukusudii kunakili.

FundiWaya
Sawa Jabali, hoja ya joto ina uzito. Lakini doki inabaki mezani palipo na watoto, vumbi na vikombe vya chai. Kama diski haitabadilishwa-badilishwa, mimi bado nachagua kasha la alumini.

Zeituni
Hamjamgusia jambo la data, na ndilo aliloulizia. Kipepeo, ukichomeka diski ndogo, Windows ikileta ujumbe wa kutaka kuifomati au kuianzisha upya (initialize), KATAA. Diski yenye afya na data inafunguka yenyewe na kupewa herufi. Ikiomba ufunguo, basi ilifungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kusimba data. Tafuta ule ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye laptopu. Ikikwambia huna ruhusa ya kufungua folda ya mtumiaji wa zamani, hiyo ni ruhusa ya NTFS tu (mfumo wa Windows wa kupanga mafaili kwenye diski), unaikubali kama msimamizi wa kompyuta unaingia.

Kubwa, kama haina kitu unachohitaji, ifomati. Kama utaitumia kwenye Windows pekee, NTFS inatosha. Ukitumia na Mac, chagua mfumo wa exFAT, kwa sababu Mac inasoma NTFS lakini yenyewe haiandiki humo. FAT32 achana nayo, haipokei faili linalofika GB 4, na video moja ndefu inapita hapo. Kama utaichomeka kwenye runinga, angalia kwanza kitabu chake kinasema inasoma mfumo gani.

Mama Nuru
Naongeza moja ambalo huwatia watu hofu bure. Yapo makasha yanayoionyesha kompyuta ukubwa wa sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) tofauti na wa diski yenyewe. Ukiifomati diski humo kisha ukaihamishia kwingine, inaonekana tupu kana kwamba imefutwa. Usiifomati. Irudishe kwenye kasha lile lile, data itaonekana.

Na kasha la inchi 2.5, angalia unene. Diski nyingi za laptopu ni milimita 7 au 9.5. Kasha la 7 halitafunga diski ya 9.5.

Kipepeo
Asanteni sana. Nimechukua kasha la USB 3.0 kwa ndogo, na doki ya nafasi moja kwa kubwa. Kubwa inafanya kazi vizuri, nimeifomati exFAT. Ndogo nikiichomeka mbele ya kompyuta inalia tik, tik, inaonekana, inapotea. Imekufa?

FundiWaya
Usiihukumu bado. Mlango wa USB 2.0 umepangiwa miliampea 500, wa 3.0 ni 900, na diski hula umeme mwingi zaidi pale inapoanza kuzunguka. Chomeka nyuma moja kwa moja kwenye ubao mama, mlango wa 3.0, kwa waya mfupi uliokuja na kasha. Ikitulia, soma afya yake kwa programu ya CrystalDiskInfo, utazame mistari ya 05 (sekta mbovu zilizokwisha badilishwa) na C5.

Kipepeo
Nyuma imetulia, folda za picha naziona! 05 ni sifuri. C5 inaonyesha 16, na programu imeweka rangi ya njano.

FundiWaya
C5 ni sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado zinasubiri. Usiikague kwa kuitafuta makosa, usiifomati, usiandike chochote humo. Iweke mahali pasipotikisika, unakili kwenda kwenye ile ya TB 2. Anza na folda ya picha, halafu nyaraka. Muziki na programu viwe vya mwisho. Faili likigoma, liruke uendelee na mengine.

Zeituni
Na kasha lako halijapotea bure. SSD yoyote ya SATA ya inchi 2.5 itaingia humo humo, na hiyo ndiyo utembee nayo.

Mama Nuru
Picha zikishafika kwenye TB 2, Kipepeo, weka nakala ya pili mahali pengine kabla hujaiondoa hiyo ndogo.