Kaseti za demo za andagraundi: sauti iliyozama, kasi isiyo sawa na kanda inayocheza kinyumenyume

kaseti_kuukuu
Wakuu, heshima kwenu. Tunakusanya demo na rekodi za shoo za bendi za andagraundi za enzi zetu, tuziweke kwenye faili kabla hazijafa. Nyingi ni C60 na C90 (za dakika 60 na 90), na baadhi ni nakala ya nakala. Kuna zinazosikika kana kwamba spika imefunikwa, kuna zinazokimbia hadi sauti ya mwimbaji imepanda, na kuna moja ya ajabu: upande A ni ngoma na besi zinazokokota, upande B kila kitu kinakwenda kinyumenyume. Nianzie wapi bila kuharibu?

fundi_deki
Mkuu, kwanza vunja vijimeno vya mgongoni mwa kila kaseti ili deki isiweze kurekodi juu yake. Yenye ukungu mweupe itenge, usiicheze kabisa. Inachafua deki, na deki inachafua kanda zinazofuata. Zilizobaki zipeleke mbele hadi mwisho kisha uzirudishe, ili utepe ujikaze sawasawa.

Tazama pedi ndogo ya sufi iliyo nyuma ya utepe. Ikidondoka, utepe haugusi hedi (kichwa cha deki kinachosoma utepe) vizuri na sauti inazama ingawa rekodi ni nzima. Ganda lililogundishwa lipasue taratibu, uhamishie utepe kwenye ganda la skrubu tano. Uliokatika usiuunge kwa selotepu ya ofisini, gundi yake inachuruzika na kunata mzunguko wa jirani. Tumia tepu ya kuungia kaseti, upande usiogusa hedi.

Safisha hedi kwa spiriti ya isopropili ya 90% au zaidi. Roli ya mpira inayovuta utepe ipanguse kwa maji yenye sabuni kidogo, maana spiriti hukausha mpira.

Hizo zilizofunikwa, mara nyingi tatizo ni azimathi, yaani mwinamo wa hedi. Pengo la hedi linatakiwa kusimama nyuzi 90 na mwelekeo wa utepe. Deki iliyorekodi ikiwa iliinama, yako iliyonyooka ndiyo itakayopoteza masafa ya juu. Changanya kushoto na kulia iwe mono, zima Dolby (mfumo wa kupunguza mchuzo, yaani ule mlio wa "sss" wa kanda), kisha geuza kidogo sana skrubu yenye springi pembeni mwa hedi mpaka matoazi yawe makali kabisa. Weka alama ilipokuwa mwanzo. Rudia kwa kila kanda, tena upande A na B kila mmoja kivyake. Usikimbilie kupandisha treble: utaongeza mchuzo tu, na kilichopotea hakirudi.

Kama lebo haisemi chochote kuhusu Dolby, rekodi bila Dolby. Ukiiwasha kwenye kanda isiyokuwa nayo, inakata masafa ya juu moja kwa moja.

mvumo50
Kuhusu kasi, usipime kwa gitaa. Bendi nyingi zilishusha nyuzi nusu toni au zaidi, kwa hiyo utairekebisha kanda ambayo haina kosa. Pima mvumo wa umeme uliorekodiwa kutoka kwenye amplifaya. Fungua spektramu (mchoro wa masafa kwenye programu ya sauti) sehemu ambayo gitaa limenyamaza: mvumo unatakiwa kuwa 50 Hz, au 60 Hz kulingana na umeme wa mahali rekodi ilipofanyika. Ukiukuta kwenye 51.5 badala ya 50, punguza kasi kwa takriban 2.9%.

Angalizo: simamisha kanda kwanza. Mvumo unaobaki ni wa deki yako, usiuhesabu. Kwenye nakala ya nakala utaona mivumo miwili au mitatu. Fuata ule unaoanza na kukatika pamoja na rekodi yenyewe.

Shoo iliyorekodiwa kwa redio ya betri hupanda toni kuelekea mwisho, kwa sababu mota ilikuwa inachoka wakati wa kurekodi. Hapo namba moja haitoshi, pima kila baada ya dakika chache.

treki_nne
Hiyo ya kinyumenyume ni ya rekoda ya treki nne (njia nne za sauti kwenye utepe mmoja), na ndiyo ya thamani kuliko zote: ina vyombo vikiwa vimetengana. Rekoda hizo hutumia upana wote wa utepe kwa upande mmoja, na nyingi hukimbia 9.5 cm kwa sekunde badala ya 4.76. Deki ya kawaida inasoma treki 1 na 2 kwa nusu kasi, na ukigeuza inasoma 3 na 4 kinyume.

Unaweza kurekodi pande zote, kugeuza B, kuongeza kasi mara mbili na kuzipanga, lakini hazitakaa pamoja. Deki haikimbii kwa kasi ileile kila inapocheza. Isitoshe, nyingi zilitumia dbx, mfumo mwingine wa kupunguza mchuzo, ambao hubana tofauti ya sauti kwa nusu. Isipofunguliwa, mchuzo unapanda na kila kitu kinachoma masikio. Njia hiyo itumie kujua kilichomo tu. Kwa nakala ya kuhifadhi, tafuta rekoda ya aina ileile, utoe treki zote nne kwa pamoja.

Yote yaingie kwenye kompyuta kwa tundu la laini (line in), si tundu la maikrofoni: WAV, biti 24, 96 kHz, vilele vikiishia karibu -6 dB. Faili ghafi usiiguse tena. Usafishaji wote fanya kwenye nakala.