Gari linachemsha mlimani tu, kwenye foleni liko sawa: ni rejeta kweli?

Mwanzisha uzi
Wakuu, salamu. Nina gari la petroli, umri wake miaka 14. Tangu mwezi uliopita nikipanda mlima mrefu na abiria, mshale wa joto unavuka katikati na kuelekea kwenye nyekundu. Nikishika tambarare unashuka wenyewe. Kwenye foleni hata nusu saa hautikisiki. Kila wiki naongeza maji kama nusu lita, ila ninapoegesha chini ni pakavu, hakuna hata tone.

Fundi wa kwanza alichungulia tu akasema "rejeta imekufa, nunua nyingine." Wa pili anataka kutoa temostati (ile vali inayofungulia maji yakapozwe kwenye rejeta injini ikipata moto) aitupe. Nimsikilize nani? Sitaki ninunue rejeta halafu gari liendelee kuchemsha.

Spana13
Temostati usitoe. Injini itachelewa kupata joto lake, itakunywa mafuta, na ugonjwa utabaki palepale.

Mzee wa Gereji
Mkuu, umeeleza vizuri. Wengi huja na neno moja tu, "linachemsha", wakitaka fundi apige ramli.

Angalia linachemshia wapi. Lingechemsha kwenye foleni na kupoa ukikimbia, ningesema feni, maana ukikimbia upepo unafanya kazi yake. Lako ni kinyume: feni inatosha ukiwa umesimama, ila injini ikibebeshwa mzigo joto linazidi uwezo wa kupoza. Hapo washukiwa ni rejeta iliyoziba ndani, pampu ya maji iliyochoka, temostati isiyofunguka yote, au mpira wa chini wa rejeta unaojikunja injini ikivuta maji.

Rejeta ipime hivi. Washa gari mpaka lipate moto, kisha zima na uchomoe soketi ya feni (feni ya umeme inaweza kuzunguka injini ikiwa imezimwa, itakukata vidole). Pitisha kiganja karibu na vile vibati vyembamba, usiguse. Joto kupungua polepole kutoka upande maji yanapoingilia ni kawaida. Ukikuta kiraka cha baridi katikati ya joto, vijiti (vimirija vya maji) vya hapo vimeziba.

Mpenda Safari
Maji yanapotea bila tone? Hiyo gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake), jiandae kisaikolojia.

Mzee wa Gereji
Usimtishe mwenzako mapema. Gasketi ina dalili zake: moshi mweupe usiokoma injini ikishapata moto, oili kugeuka rangi ya maziwa, au mpira wa juu kukakamaa ghafla dakika moja tu baada ya kuwasha gari lililolala usiku kucha. Kama hayo hayapo, tafuta uvujaji unaokauka kabla haujadondoka. Maji yanayotoka kwenye ufa mdogo rejeta ikiwa ya moto hugeuka mvuke papo hapo. Yanachobakiza ni ukoko, mweupe au wa rangi ya kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), hasa pale plastiki inapokutana na alumini.

Spana13
Na usiuamini sana mshale. Maji yakipungua mno, sensa inabaki hewani na mshale unaweza kushuka. Dereva anafurahi, kumbe injini inaungua.

Mwanzisha uzi
Nimerudi. Moshi hakuna, oili safi. Kiganja kimekuta baridi sehemu kubwa ya chini, na pembeni kwenye maungio kuna ukoko mweupe. Nimetafuta fundi wa tatu mwenye pampu ya kupimia presha: alijaza upepo mpaka kipimo kilichoandikwa kwenye mfuniko wa rejeta, ikashuka taratibu, na jasho likatokea palepale kwenye ukoko. Nakiri pia nimekuwa nikiongeza maji ya bomba miaka miwili. Je, naweza kuziba kwa ile dawa ya kumimina?

Mzee wa Gereji
Maji ya bomba ndiyo yaliyokuletea magamba ndani. Dawa ya kumimina ni ya kukufikisha nyumbani tu. Haichagui tundu, itaziba na vijiti vichache vilivyobaki wazi, pamoja na hita. Rejeta za shaba za zamani tulikuwa tunafungua, tunasugua, tunachomelea. Hii ya alumini na plastiki, ikiwa imeziba na kupasuka kwa pamoja, badilisha. Fundi wa kwanza alipatia, ila kwa kubahatisha.

Kabla ya kufunga mpya, suuza injini, la sivyo uchafu wote utahamia humo. Weka kulanti inayotajwa kwenye kitabu cha gari. Rangi isikudanganye, kila mtengenezaji ana zake. Toa hewa: acha gari lingurume hita ikiwa kwenye moto mpaka temostati ifunguke, kisha kagua kiwango kesho yake asubuhi likiwa baridi. Mfuniko usifungue ukiwa moto, hata kama una haraka.

Spana13
Mfuniko wenyewe badilisha pia. Ukishindwa kushika presha, maji yanachemka mapema.

Mwanzisha uzi
Nimeutazama sasa hivi. Mpira wake umepasukapasuka wote.