Yule mtembezaji wa njia ya vita Tanga kanivunjia heshima leo, nachemka

Wakuu, leo sisalimii mtu. Mkono wenyewe unatetemeka.

Kuna yule jamaa anayetembeza watu kwenye njia ya vita ya 1914. Simtaji, aliyewahi kufika Tanga anamjua: yule wa kofia ya kaki na fimbo, anayemzungumzia von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, utadhani mjomba wake. Leo KANIBEBESHA BEGI LA MZUNGU.

Kanibebesha begi. Mimi. Nimelipa kama wenzangu na risiti ninayo mfukoni.

Tulikuwa tunatoka Ras Kasone kuelekea mjini, upande ule ule walikopita wanajeshi wa Uingereza na India waliposhuka melini. Jua linachoma hadi kivuli changu kinatafuta kivuli. Jamaa kasimama chini ya mwembe, kavua kofia, kashusha sauti kama yupo msibani, anatueleza habari za wapagazi. Walivyokamatwa vijijini, wakatwishwa risasi na vyakula kufuata majeshi, wakafa maelfu kwa maelfu, njaa na maradhi yakiua kuliko risasi. Mama mmoja anafuta machozi. Hata mimi koo limenikaba. Mara kanigeukia: "Kijana, hebu msaidie babu begi, wewe si mwenyeji?"

HATA KOFIA HAJAIRUDISHA KICHWANI, wakuu!

Na babu mwenyewe, Mjerumani wa watu, anakataa! Kalikumbatia begi lake kama mtoto. Jamaa kamnyang'anya, kanivisha mgongoni. Sijui lilikuwa na nini. Waingereza walikimbia hapa wakaacha bunduki 455, rashasha 16 na risasi 600,000. Naamini zote zimo humo.

Baada ya hapo historia gani tena itaniingia? Sijui askari waliletwa kwa treni toka Moshi, sijui makaburi, mimi naona begi tu. Huyu mtu afungiwe.

Mchumia_Juani: Ulibeba au hukubeba?

Mleta uzi: Mkuu, soma uzi vizuri. Hoja hapa ni heshima.

Mchumia_Juani: Nimesoma. Alikuvisha mgongoni. Ulibeba mpaka wapi?

Shangazi_wa_Chumbageni: Mpaka makaburini, si kasema alikuwa anaona begi tu? Pole baba, mgongo ukandwe na maji ya moto.

Mleta uzi: Shangazi, na wewe? Katoka kusimulia WAPAGAZI, mate hayajamkauka, kanibebesha begi. Hilo hamlioni?

Fundi_Redio: Tunaliona, Mpagazi.

Kiti_Cha_Dirishani: Mimi aliniambia Wajerumani waliwafundisha nyuki kutambua sare za adui. Nikamuuliza, mbona waliwauma na Wajerumani? Akasema hao walikuwa nyuki watoro.

Mwanafunzi_wa_Zamani: Nyuki hawakufundishwa na mtu. Mizinga ilikuwa mitini, milio ya bunduki ikawachafua, wakauma pande zote mbili. Habari kwamba nyuki walikuwa mtego wa Wajerumani ilivuma Uingereza kwa sababu kushindwa kulikuwa aibu: Waingereza walikuja kama 8,000 wakapigwa na watu elfu moja hivi. Kosa lilianzia kwa manowari yao Fox. Ilitangulia kuwapa Wajerumani onyo, nao wakapata muda wa kujipanga na kuleta askari kwa reli. Jenerali Aitken, mkuu wa Waingereza, naye aliwadharau Wajerumani…

Fundi_Redio: Mbona unaongea kama yeye? Wewe ndiye yule jamaa?

Mwanafunzi_wa_Zamani: Hapana. Na sina kofia ya kaki.

Kiti_Cha_Dirishani: Ya rangi gani?

Mleta uzi: Kama ndiye, babu kakuelewa lakini mimi sijakuelewa!

Dada_wa_Ngamiani: Afadhali yenu. Mtembezaji wetu wa Bagamoyo alitufikisha makaburi ya Wajerumani, akafungua mfuko, akaanza kutuuzia shanga za mkewe. Ukikataa, anakuonyesha kaburi jingine.

Popobawa_Mstaafu: Njooni Unguja muone mateso. Vita vya 1896 na Waingereza havikufika hata saa moja, sultani mpya kakimbilia ubalozi wa Ujerumani, kwisha. Yule wa kwetu kavieleza asubuhi nzima, tumesimama juani, na kila meli iliyopiga mzinga anaigiza mlio wake.

Dada_wa_Ngamiani: Huyo namjua! Mate yanaruka!

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye mada.

Mchumia_Juani: Mada ilibebwa na nani?

Asali_Handeni: Kwa kuwa nyuki wametajwa, ninayo asali mbichi toka Handeni, haijachakachuliwa. Natuma mikoa yote kwa basi.

Shangazi_wa_Chumbageni: Ya nyuki wadogo ipo?

Asali_Handeni: Ipo, shangazi. Njoo kisandukuni.

Mleta uzi: Wasimamizi, mnaona wanachofanya kwenye uzi wangu?

Popobawa_Mstaafu: Unguja inafika? Niwekee lita mbili, ila isiwe majimaji kama uliyomtumia shemeji.