Kipimo cha mkojo cha "estrojeni mbaya": kina uzito gani kwenye saratani?

Kliniki_Newala aliuliza:

Habari za kazi wakuu. Huku Newala na Tandahimba inazunguka poda ya "kusafisha homoni", na inauzwa pamoja na kipimo cha mkojo kinachoonyesha uwiano wa estrojeni "nzuri" na "mbaya". Akina mama wanauliza kama uwiano mdogo maana yake saratani inanyemelea. Naomba maelezo ya kina, siyo "kula vizuri, fanya mazoezi". Ini linaifanyia nini hasa estrojeni?

Maabara_Shangani:

Dada, poda inauzika kwa sababu nyuma yake kuna biolojia ya kweli. Estradioli, estrojeni kuu ya mwili, inavunjwa kwa hatua mbili. Kwanza vimeng'enya vya ukoo wa CYP vinaipachika haidroksili (kipande cha oksijeni na haidrojeni): CYP1A2 kwenye nafasi ya 2 ya molekuli, CYP3A4 kwenye nafasi ya 16, na CYP1B1, ambayo iko zaidi kwenye titi na mfuko wa uzazi kuliko kwenye ini, kwenye nafasi ya 4. Kisha kimeng'enya kingine, COMT, kinaziwekea methili zile za 2 na 4, na nyingine zinaungwa na salfeti au glukuroni ili ziyeyuke kwenye maji na kutoka kwa mkojo au nyongo.

Estrojeni ya 2 inakishika kipokezi (sehemu ya chembe inayopokea amri ya estrojeni) kwa ulegevu, ya 16 inakibana. Ya 4 ndiyo mkorofi: COMT isipoiwahi inageuka kwinoni, kemikali inayong'ang'ania DNA na kung'oa adenini na guanini, herufi mbili za DNA, kwenye uzi wake.

Sasa angalia kipimo chenyewe. Kinalinganisha 2 ("nzuri") na 16 ("mbaya") tu; ya 4, yenye tuhuma nzito kuliko zote, haimo. Tafiti zilizofuatilia wanawake kwa miaka zimetoa majibu yanayopingana, na hakuna mwongozo wa saratani unaotumia uwiano huo kuamua nani achunguzwe. Kibaya zaidi, moshi wa sigara unaichochea CYP1A2, kwa hiyo mvutaji anaweza kuondoka na cheti cha estrojeni "nzuri".

Lishe_Lindi:

Naongezea. Wingi wa estrojeni inayofika kwenye tishu mwaka hadi mwaka una ushahidi mzito zaidi kuliko njia inayovunjiwa. Hedhi ikikoma, ovari zinanyamaza, lakini tezi za juu ya figo zinaendelea kutoa androstenedioni, malighafi ya estrojeni. Mafuta ya mwili yana kimeng'enya kiitwacho aromatesi, nacho kinaigeuza kuwa estroni, aina nyingine ya estrojeni. Insulini ikipanda, ini linapunguza protini inayobeba homoni hizi kwenye damu, na estrojeni inayotembea huru inazidi. Mama wa mita 1.60 mwenye kilo 77: 77 gawa kwa 2.56 (1.60 mara 1.60), unapata BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu, ya 30. Kuanzia hapo hatari ya saratani ya ukuta wa mfuko wa uzazi ni zaidi ya mara mbili ya mwenye uzito wa kawaida, na ya titi pia inapanda.

Pombe nayo inapandisha estrojeni. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina alkoholi gramu 20 hivi. Kila gramu 10 kwa siku zinaongeza hatari ya saratani ya titi kwa kama asilimia 7. Watu wanaisoma vibaya hii: kama wangeugua wanawake 5 kati ya 100, wanakuwa 5.35, siyo 12. Msimu wa mabibo hesabu inavurugika, maana uraka (pombe ya mabibo) wa asubuhi na wa jioni si kitu kimoja. Unaendelea kuchacha humo humo kwenye dumu.

Halafu utumbo. Bakteria wake wanaikata ile glukuroni, na estrojeni iliyokwisha kufungwa safari inarudi kwenye damu. Nyuzi za mbaazi, kunde na ugali wa mtama zinapunguza marejeo hayo. Punguzo la hatari ni dogo, lakini mbaazi zinauzwa kwa kisado.

Maabara_Shangani:

Rekebisho kidogo, Lishe: la unene na titi ni baada ya hedhi kukoma. Kabla ya hapo uhusiano uko kinyume. La mfuko wa uzazi halina msimu.

Kliniki_Newala:

Asanteni sana. Na aliye kwenye tamoksifeni, dawa ya saratani ya titi, akiinywa hiyo poda?

Mfamasia_Masasi:

Asiinywe. Soma lebo, ukiona DIM, ni kemikali inayotokana na kabichi na jamaa zake. Kwenye jaribio lililochapishwa 2017, wanawake wa tamoksifeni walipewa DIM miligramu 150 mara mbili kwa siku. Uwiano wa 2 kwa 16 ulipanda kama tangazo linavyoahidi, lakini endoksifeni ikashuka, na endoksifeni, ambayo mwili unaitengeneza kutokana na tamoksifeni, ndiyo inayofanya kazi kubwa ya dawa hiyo. Kabichi ya kwenye sahani haifiki dozi hiyo, waacheni wale.

Ulizeni pia kuhusu fluoksetini na paroksetini, dawa za sonona: zinaiziba CYP2D6, kimeng'enya kinachotengeneza endoksifeni. Tamoksifeni ni miligramu 20 kwa siku kwa miaka 5, wengine hadi 10. Inaizuia estrojeni kwenye titi lakini inauchochea ukuta wa mfuko wa uzazi, hivyo aliyekoma hedhi akiona damu, hata tone, apelekwe kuchunguzwa siku zile zile.

Kliniki_Newala:

Wengine wanaiunganisha poda hiyo na saratani ya shingo ya kizazi.

Mfamasia_Masasi:

Hapo chanzo ni virusi vya HPV. Poda haigusi, chanjo inagusa.

Maabara_Shangani:

La mwisho, maana hapa ndipo wagonjwa wetu wanapopotezea dawa. Si kila saratani ya titi ina kipokezi cha estrojeni, na isiyonacho haisikii tamoksifeni. Jibu la kipimo cha kipokezi linategemea kipande kilichokatwa kwenye uvimbe kilivyohifadhiwa. Kiingie kwenye formalini (dawa ya kuhifadhia) ya asilimia 10 yenye bafa, yaani isiyo na ukali wa tindikali, ndani ya saa moja, formalini iwe mara 10 ya ujazo wa kipande, kikae saa 6 hadi 72. Kikubwa kikatwe vipande vya milimita 5, la sivyo katikati inaoza dawa haijafika. Spiriti usiitumie. Kipande cha Ijumaa asubuhi kikisubiri basi hadi Jumatatu jioni kimepitiliza, na kipokezi kilichokuwepo kinaweza kusomeka hakipo, wakati asilimia 1 tu ya chembe ikionyesha kipokezi inatosha kuitwa chanya. Andikeni kwenye chupa saa kilipotolewa na saa kilipoingia formalini.