Naomba ushauri: sakulenti zangu zitoke vipi nje baada ya kipupwe?

Bi Roshani (mwenye uzi)
Wanajamvi, salamu. Naomba ushauri kuhusu sakulenti zangu za vyungu, yaani mimea inayohifadhi maji mwilini mwake, ambazo niliziingiza sebuleni mwanzoni mwa Juni baridi ilipoanza kuuma, na ambazo sasa, Septemba ikikaribia kwisha na jua likiwa limerudi Nairobi, nataka kuzitoa nje. Ninazo adeniamu nne, hizi ambazo wauzaji wa kando ya barabara huziita waridi la jangwani, yuforbia mbili za miiba, kalankoe moja na mshubiri. Muda wote wa kipupwe zilikaa kwenye dirisha linalotazama kusini na zilipata jua zuri. Adeniamu zilipukutisha majani mwezi Julai kama ilivyo desturi yake, nami nikazinyima maji, na mwezi huu zimeanza kuchipua majani membamba yenye kijani kilichofifia. Nimepanga kuzipandisha zote juu ya paa la jengo letu, kando ya matangi ya maji, ambako jua ni la kutwa nzima. Swali langu ni moja tu: nizipandishe zote siku moja, au kwa mafungu? Nitashukuru nikijibiwa upesi, kwa kuwa Jumamosi haiko mbali.

Mzee wa Kitalu
Mwanangu, usiulize siku ngapi, uliza jua kiasi gani. Jani lililochipuka nyuma ya kioo ni laini, halina nta wala rangi ya kujikinga ambayo jani lililokulia juani huwa nayo, na sisi tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta, ambako jua la saa sita wiki hizi liko utosini kabisa. Ukilipeleka jani hilo paani moja kwa moja litapauka kwanza, kisha litafanya mabaka makavu ya kahawia, na baka hilo halirudi kuwa kijani hata ulibembeleze vipi. Utasubiri majani mengine. Anza na kivuli chenye mwanga kwa siku tatu nne, kisha jua la asubuhi mpaka saa tatu, halafu mpaka saa nne, ukiongeza polepole hadi wiki mbili zitimie. Ukikosa mti wa kukupa kivuli, tumia neti ya kivuli. Wala usigeuzegeuze chungu katika siku hizo, ili upande ulioanza kulizoea jua uendelee kulitazama. Vijana wa siku hizi mnataka kila jambo liishe Jumamosi.

Mtoto wa Voi
Mnanichekesha, watu wa Nairobi. Kwetu adeniamu inajiotea yenyewe kwenye miamba na vichaka vikavu, haina mwenyewe wala chungu, na huchanua wakati ukame umepamba moto. Marehemu babu alitukataza kuikatakata kwa sababu utomvu wake ni sumu, ile ambayo wawindaji wa zamani waliipaka kwenye ncha za mishale, na mbuzi wetu waliokuwa wakila hata maturubai hawakuigusa. Nyinyi mnaiweka kando ya runinga na kuifungia pazia. Dada, toa zote nje siku moja. Jua halijawahi kuiua adeniamu.

Mzee wa Kitalu
Ya Voi ilizaliwa juani, kijana, na usiku wa Voi si usiku wa Nairobi wa Julai unaoshuka hadi nyuzi 10 au 12. Usimpotoshe dada.

Fundi wa Rongai
Mimi nauliza jingine: hilo paa ni la nani? Niliwahi kupandisha yuforbia paani bila kumwambia mtu, upepo ukaiangusha juu ya mashuka ya mama mmoja, na maziwa ya mmea huo, yaani utomvu wake mweupe, yakaacha madoa ambayo sabuni yoyote haikuyatoa. Mama yule naye akajifuta jicho kwa mkono uleule aliookotea matawi, tukaishia zahanati. Mashuka nililipa. Tangu siku hiyo, chochote chenye maziwa nakishika kwa glavu, na paani sipeleki hata kiti.

Afisa Mstaafu
Dada Roshani, naona sote tumeng'ang'ania jua, ilhali sakulenti nyingi za vyungu haziuawi na jua, zinauawa na maji yasiyopata pa kutokea. Mvua za vuli zinatarajiwa Oktoba, na kando ya matangi hakuna cha kuzizuia. Kabla hatujaendelea, tuambie udongo ni wa aina gani, vyungu vina matundu chini au havina, na hiyo Jumamosi kuna nini.

Bi Roshani (mwenye uzi)
Asante, mzee wangu. Udongo ni mwekundu wa kawaida uliochanganywa na samadi, kama nilivyouziwa. Vyungu ni vya kufinyanga, na matundu vilikuja nayo. Jumamosi wanakuja vijana wa mizigo ambao nimekwisha kuwapa arubuni, maana kutoka ghorofa ya nne hadi paani hakuna lifti na vyungu ni vizito. Ndiyo sababu nauliza kuhusu siku moja au mafungu tu. Mengine nimeyapanga.

Afisa Mstaafu
Umesema vilikuja nayo. Hukusema kwamba bado vinayo.

Bi Roshani (mwenye uzi)
Haya, nitaeleza, ingawa sioni yanahusiana vipi na swali langu. Mwezi Mei, vyungu vilipokuwa bado kwenye roshani, maji yalimdondokea jirani wa chini aliyekuwa ameanika sare za shule za watoto, naye akapeleka malalamiko kwa msimamizi wa jengo, nami nikapewa onyo la maandishi. Nikayaziba matundu yote kwa saruji. Ilikuwa kazi safi na hakuna tone lililovuja tangu hapo. Kabla hamjanishambulia, fahamuni kwamba huku ndani hayakuniletea shida yoyote, kwa kuwa nilimwagilia kikombe kimoja tu kila nilipokumbuka, na kule paani jua litayakausha maji kwa juu. Isitoshe, chini ya kila chungu nilitandika kokoto, ili maji yakae kwenye kokoto na mizizi isiguswe.

Fundi wa Rongai
Dada, hivyo si vyungu tena. Umezipanda katika sufuria, na mvua ya vuli inakuja kuweka maji ya ugali.

Afisa Mstaafu
Tuyaweke wazi. Mwanzoni ulituambia umezinyima maji, sasa tunasikia habari za kikombe kila ulipokumbuka. Adeniamu iliyopukutisha majani haina pa kuyapeleka maji hayo, kwa sababu ni majani yanayoyavuta na kuyatoa. Kokoto nazo hazikusaidii. Udongo laini hushikilia maji yake na hauyaachii kokoto mpaka uwe umelowa kabisa, kwa hiyo ulichofanya ni kulisogeza tope karibu zaidi na mizizi. Mvua moja ya usiku ikijaza chungu kilichozibwa, jua la siku tatu litakausha sentimita chache za juu tu na kukudanganya kwamba kumekauka. Chomeka kijiti cha mshikaki hadi chini ya chungu, kiache kidogo, kisha kichomoe ukione. Halafu bonyeza kitako cha kila adeniamu, pale kilipovimba juu ya udongo, kwa kidole gumba.

Bi Roshani (mwenye uzi)
Nimefanya. Vijiti vyote vimetoka na tope nchani, hata kwenye chungu ambacho juu yake kuna vumbi. Adeniamu tatu ni ngumu. Ya nne inabonyea upande mmoja karibu na udongo, lakini nilikuwa nikiamini ni kiu, kwa sababu mtu wa kitaluni aliniambia adeniamu yenye kiu hulegea.

Mzee wa Kitalu
Hulegea, ndiyo, lakini yenye kiu hulegea pande zote kwa usawa na ngozi hujikunja, na ukiinywesha hukaza tena baada ya siku chache. Iliyooza hubonyea mahali pamoja, ngozi huwa na weusi, na ukinusa kidole utajua. Umenusa?

Bi Roshani (mwenye uzi)
Nimenusa. Inanuka.

Mama Kalankoe
Mimi sina utaalamu huo wenu, ila nasikitika kuona mtu anamficha daktari ugonjwa kisha anamdai dawa. Jirani aliyelowanishwa sare za watoto alikuwa na haki yake, na kuzungumza naye kungekugharimu kikombe cha chai tu, bila saruji. Mimi na jirani yangu tumegawana siku za kuanika na za kumwagilia na hatujawahi kukosana, isipokuwa Krismasi moja ambayo sitaisimulia hapa.

Mtazamaji Kimya
Nimeusoma uzi huu tangu mwanzo na naona tunachezewa. Mwenye uzi anasema mimea yake ilipata jua zuri Juni na Julai kwenye dirisha linalotazama kusini. Nairobi iko kusini ya ikweta kwa nyuzi 1.3 hivi. Miezi hiyo jua huchomoza upande wa kaskazini-mashariki, hupita kaskazini kwetu saa sita mchana na kutua kaskazini-magharibi. Dirisha la kusini haliguswi na jua hata dakika moja. Mtu anayeishi katika nyumba hiyo angejua. Mijadala ya namna hii nimeiona mingi: kwanza mimea inaumwa, kisha vyungu vina kasoro, na mwishowe anajitokeza mtu mwenye vyungu na sahani za kuuza kwa bei nafuu.

Mtoto wa Voi
Hata mimi nilijiuliza, ni nani anayeziba tundu la chungu kwa saruji? Hadithi hii imetungwa.

Fundi wa Rongai
Ukikaa kwenye kazi ya ujenzi kama mimi hutashangaa mtu kuziba kitu kwa saruji. Nimeona aliyeziba dirisha. Lakini hilo la kusini limenigusa, na mimi nangoja maelezo. Kama ni biashara, atuambie mapema.

Bi Roshani (mwenye uzi)
Sina chungu wala sahani ya kuuza, na ningekuwa mtungaji wa hadithi ningejitungia nyumba yenye bustani. Dirisha langu linatazama kusini, nina hakika, kwa sababu siku za mawingu machache naona Milima ya Ngong upande wa mkono wangu wa kulia, na ndiko jua linakotua. Ng'ambo ya barabara kuna jengo la ofisi lililofunikwa vioo kutoka chini hadi juu. Kila alasiri jua linapiga vile vioo na mwanga unaingia sebuleni kwangu hadi unafikia kochi, tena mkali wa kukufanya ufumbe macho. Hilo ndilo jua nililolisema. Kama si jua, niambieni jina lake.

Mtazamaji Kimya
Vioo hivyo vitakuwa vinatazama kaskazini, kwa hiyo hilo linawezekana. Ningependa kuona picha, lakini nasitisha mashtaka kwa muda.

Afisa Mstaafu
Ni heri mwenzetu ametilia shaka, kwa sababu jibu lako limebadilisha hesabu yote. Maana yake ni kwamba mimea hii haijaonja jua lenyewe tangu Juni. Imepata mrejeo wa vioo kwa muda mfupi wa alasiri, tena nyuma ya kioo kingine. Kuipandisha paani kwa vyovyote, siku moja au mafungu, ni kuirusha kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Jambo la pili ni zuri zaidi. Kuanzia wiki hii jua linavuka kwenda kusini na litabaki huko hadi mwezi Machi. Roshani yako, ambayo nadhani iko upande uleule wa dirisha na haikuona jua kipupwe chote, itaanza kuliona lenyewe, kidogokidogo, likiingia ndani zaidi kadiri Desemba inavyokaribia. Lile zoezi la wiki mbili alilolieleza Mzee wa Kitalu, roshani ya kusini inakufanyia bila wewe kubeba chungu hata kimoja, na juu yake kuna dari ya kuzuia sehemu kubwa ya mvua. Huna haja ya paa.

Bi Roshani (mwenye uzi)
Lakini arubuni nimekwisha kutoa, na msimamizi amekubali paa kwa shida. Na je, maji yakimdondokea jirani tena?

Afisa Mstaafu
Sahani chini ya kila chungu. Mwagilia mpaka maji yatoke kwenye tundu, ngoja nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Unarudia pale tu kijiti cha mshikaki kinapotoka kikavu. Kutoboa saruji, tumia keekee yenye ncha ya kutobolea mawe, taratibu, bila kupigapiga nyundo, na chungu kikiwa kimeloweshwa. Kikipasuka, basi, chungu kinanunulika. Udongo ule utoe wote pamoja na kokoto. Changanya nusu udongo mwekundu, na nusu iliyobaki iwe mchanga mnene wa mto na pamisi, yale mawe mepesi ya volkano. Katika bustani ya mimea pale Makumbusho ya Taifa utaona sakulenti zimestawi juu ya mawe matupu na hakuna anayezionea huruma. Ukishapanda upya, usimwagilie kwa wiki nzima ili majeraha ya mizizi yakauke.

Mzee wa Kitalu
Ile iliyooza usiipande sasa. Vaa glavu, kata sehemu laini kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti, na uendelee kukata mpaka uone nyama nyeupe ngumu isiyo na doa, maana doa moja ukiliacha utarudia kazi yote. Paka unga wa mdalasini, ilaze kivulini penye hewa hadi kidonda kifanye gamba, hata kama itachukua wiki mbili au tatu. Adeniamu inavumilia. Watoto wasiiguse.

Bi Roshani (mwenye uzi)
Nimeshaikata. Weupe umeonekana nilipofika karibu na katikati, kwa hiyo kimebaki kama theluthi mbili cha kitako, na sasa kimelala juu ya gazeti jikoni, juu ya kabati, mbali na watoto. Vijana wa mizigo nimewapigia: Jumamosi watakuja vilevile, ila watabeba pamisi na mchanga hadi ghorofa ya nne, kwa hela ileile. Wamenung'unika. Kwa jirani nitashuka kesho jioni. Bado naamini saruji isingedhuru kama ningekuwa mwangalifu zaidi na kikombe, lakini hilo tuliache.

Mtazamaji Kimya
Hatuliachi. Na picha ya vioo tunaingoja.